Wageni GPA 3.1, wenyeji 3.4: je, wageni wamejifunza kidogo?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mratibu wa ubora katika kitivo cha biashara cha chuo kikuu kimoja cha binafsi hapa Tanzania. Mwaka huu tuna wahitimu 250 wa shahada ya kwanza ya utawala wa biashara: wenyeji 212 na wageni 38. Wageni wengi ni Wakenya, Wakongo na Warundi, na wachache wametoka Rwanda na Sudan Kusini. Wastani wa GPA (alama ya jumla ya shahada, ya juu kabisa ikiwa 5) wa wenyeji ni 3.4, wa wageni 3.1. Mkuu wa kitivo anataka tuandike kwenye ripoti ya kujitathmini kwamba "wanafunzi wa kigeni hawafikii matokeo ya ujifunzaji kwa kiwango cha wenyeji", kisha tupendekeze masharti ya udahili wao yakazwe. Roho yangu inasita, ila sijui nimjibu nini. Ulinganisho wa haki unafanywaje?

JIBU: Nzuri, mwalimu. Roho yako inasita mahali panapostahili, lakini tuanze na upande wa mkuu wako, maana hajakosea kila kitu.

Pengo lipo. Chukua tofauti ya wastani, 0.3, uigawe kwa mchepuko sanifu wa GPA zenu, yaani kipimo cha jinsi alama zilivyotawanyika kuzunguka wastani. Hukuutaja, kwa hiyo natumia 0.5 kama mfano. Wewe weka wa kwenu. Unapata 0.6. Kwa kipimo alichokizoesha mwanatakwimu Jacob Cohen, 0.2 ni tofauti ndogo, 0.5 ya kati na 0.8 kubwa, kwa hiyo hii ni ya kati na zaidi kidogo. Kwa watu 212 na 38, mipaka ya uhakika ya asilimia 95, ambamo tofauti halisi inatarajiwa kuwamo, inakwenda takribani kutoka 0.25 hadi 0.95. Sifuri haimo. Ukimwambia mkuu kwamba ni bahati tu, atakushinda kwa kikokotoo cha simu.

Anapokosea ni pale anaposoma pengo la GPA kama pengo la kujifunza. GPA ni kapu. Ndani yake kuna mtihani wa mwisho, kazi za muhula, alama za kikundi, fildi (mafunzo ya vitendo kazini), kozi za jumla, adhabu ya kuchelewesha kazi, na sapu (mtihani wa marudio). Hiyo sapu ndiyo ya kuangalia kwanza, kwa sababu inawapata wageni kwa njia yake. Mgeni anasubiri ulinganifu wa cheti chake NECTA (Baraza la Mitihani), anasubiri kibali cha kuishi nchini, anasubiri fedha za ada zivuke mpaka. Anafika wiki ya sita. Majaribio ya kwanza yameshapita, kazi ya muhula haitoshi, anaingia sapu. Vyuo vingi vina kanuni kwamba anayefaulu sapu hupewa C hata akipata 80. Sasa piga hesabu: katika mizani yetu ya pointi 5, B+ ni 4 na C ni 2. Kozi 5 za krediti 10 kila moja, katika shahada ya krediti 360, zikishuka kutoka B+ hadi C, GPA ya mtu huyo inashuka kwa 0.28. Ni karibu pengo lenu lote, na mwanafunzi huenda anaijua hesabu ya gharama sawasawa na aliyekaa kiti cha jirani. Kwa hiyo kabla ya jambo lingine, toa orodha ya sapu za muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza, uone wageni wangapi wamo na kwa sababu gani.

Jambo la pili: "mgeni" si kundi. Pasipoti haifundishi mtu uhasibu. Kinachofundisha ni mtaala alioupitia. Mtanzania aliyesoma ECA amekaa na uchumi, biashara na uhasibu miaka miwili ya kidato cha tano na sita, na wengi wao walikuwa na uwekahazina (book-keeping) tangu chini. Mtanzania mwenzake wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) hajawahi kufunga urari wa hesabu. Mkenya wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari kwao, huenda amesoma somo moja la biashara lenye uchumi kidogo, uhasibu kidogo na biashara kidogo, kwa miaka minne ya sekondari, bila kidato cha tano na sita. Mkongo aliyetoka mchepuo wa biashara huenda anaujua uhasibu kuliko wote darasani, ila aliujulia kwa Kifaransa na kwa mpango wa OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi za Afrika ambazo nyingi hutumia Kifaransa, ambao Kongo iliingia mwaka 2012. Kwake hesabu zina namba za madaraja: 1 ni mtaji na madeni ya muda mrefu, 2 mali za kudumu, 3 bidhaa ghalani, 4 wadai na wadaiwa, 5 fedha, 6 gharama, 7 mapato. Mwambie aandae taarifa ya hali ya fedha kwa utaratibu wa IFRS (viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha), na wiki za mwanzo ataonekana hajui kitu. Kumbe anatafsiri.

Hebu ona jinsi mchanganyiko huo peke yake unavyoweza kuzalisha pengo. Huu ni mfano wa kubuni, ila umepangwa kwa namba zenu. Tuseme kati ya wenyeji 212, watu 140 walikuja na msingi wa uhasibu na wastani wao ni 3.6, 72 hawakuwa nao, na wastani wao ni 3.0. Kati ya wageni 38, wanane tu walikuwa na msingi huo, wastani 3.6; waliobaki 30 hawakuwa nao, wastani 3.0. Jumlisha: wenyeji 3.40, wageni 3.13. Ni pengo lenu lilelile, na ndani ya kila kundi hakuna tofauti hata ya nukta moja. Anayekaza masharti ya udahili kwa wageni katika hali hiyo anaacha nje tatizo linalowagusa Watanzania 72, karibu mara mbili ya wageni wote.

Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwenu. Nasema huwezi kujua mpaka ugawe. Gawa kwa vitu viwili: mchepuo wa sekondari (alisoma uhasibu au hakusoma) na lugha ya kufundishiwa sekondari (Kiingereza au Kifaransa). Uraia uweke safu ya tatu. Lugha nayo ina visa vyake. Rwanda ilihamia Kiingereza kuanzia 2008, kwa hiyo Mnyarwanda wa leo si sawa na Mrundi, japo wengi huwaweka kapu moja. Na mhadhiri anayefafanua kwa Kiswahili darasa likionekana kuchoka anamsaidia Mtanzania, Mkenya na Mkongo wa Bukavu. Wa Sudan Kusini anabaki anatazama ubao.

Sasa ulinganisho wenyewe. Unataka kujua nani amejifunza, na kujifunza ni mwendo kutoka mahali fulani hadi mahali pengine. Unahitaji vipimo viwili, cha mwanzo na cha mwisho, vyenye maswali yanayofungamana.

Chagua matokeo matatu au manne ya programu, yaani mambo ambayo mhitimu anatakiwa kuyaweza, si yote kumi na mawili yaliyomo kwenye kabrasha la mtaala. Kwa biashara ningechukua kusoma taarifa za fedha, uamuzi wa gharama na bei, uchambuzi wa soko, na kutumia takwimu za biashara. Tunga maswali 40 ya kuchagua, kumi kwa kila tokeo, na kazi moja ya kuandika kuhusu kampuni ya kubuni. Maswali yasiyopungua 12 kati ya hayo 40 yarudi neno kwa neno kwenye mtihani wa mwaka wa tatu. Hayo ndiyo nanga. Desturi ya watunga mitihani ni nanga zisipungue asilimia 20 ya mtihani. Kipimo cha mwanzo kifanyike wiki ya pili, na wanaochelewa wafanye ndani ya siku kumi tangu waripoti, tarehe ikiandikwa. Alama zake zisihesabike kwenye GPA, lakini weka sababu ya mtu kujitahidi: mpe majibu yake na ushauri wa kozi za kujiimarisha. Mtihani usio na faida kwa mfanyaji hufanywa kwa dakika tisa.

Wengine huuliza kwa nini wasinunue mtihani uliokwisha kutungwa. Upo, mfano ule wa ETS, shirika la mitihani la Marekani, kwa shahada ya biashara: maswali 120, saa mbili, alama kati ya 120 na 200. Ni mzuri kwa kujilinganisha na vyuo vya huko. Ila sehemu yake ya sheria na mazingira ya biashara ina harufu ya Marekani, na ukiutumia Tanzania wote darasani ni wageni.

Kabla hujalinganisha alama zozote, pima mtihani wenyewe kwanza. Hapa ndipo vitivo vingi hujikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua swali hili: "Bidhaa inauzwa rejareja kwa shilingi 59,000 pamoja na VAT. VAT ni kiasi gani?" Mtanzania wa Bara anajua 18%, anazidisha bei kwa 18 na kugawa kwa 118, anapata 9,000 kamili, namba inayotabasamu. Mkenya aliyekulia kwenye 16% anapata karibu 8,138, namba yenye senti. Mkongo pia kwao ni 16%. Hata Mzanzibari, mwenyeji wa nchi, aliyezoea 15% anapata karibu 7,696. Wote wanne wanajua kutoa kodi ndani ya bei; swali limepima nani anakumbuka kiwango cha Bara. Dawa ni maneno mawili: andika "VAT 18%" na swali limepona.

Lakini usipitilize. Kama tokeo linasema mhitimu "ataeleza hatua za kusajili kampuni Tanzania", swali la BRELA (wakala wa usajili wa kampuni) ni halali hata likiwaangusha wageni wote. Walikuja kusoma hapa. Upendeleo ni pale swali linapodai kitu ambacho tokeo halikukitaja. Swali la uamuzi wa bei lenye hadithi ya VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) linamchelewesha Mkenya aliyezoea "chama" na Mkongo aliyezoea "likelemba", wakati kinachopimwa ni gharama ya kitengo.

Kuna jingine dogo linaloumiza kimyakimya. Waliosoma kwa Kifaransa huandika mbili na nusu kama 2,5 na milioni kama 1.000.000. Kwenye karatasi msahihishaji anaelewa. Kwenye mtihani wa kompyuta uliowekwa Kiingereza, jibu la 2,5 linaweza kukataliwa au kusomwa vingine, na mwanafunzi hapati hata alama ya njia. Fungua majibu ghafi ya maswali ya namba, chuja yenye mkato, uyahesabu. Ni kazi ya nusu saa.

Kwa takwimu, njia ya kukagua swali mojamoja ni ya Mantel na Haenszel ya 1959. Unawapanga wanafunzi kwa jumla ya alama zao, mfano 10–19, 20–29, 30–40, kisha ndani ya kila ngazi unauliza: watu wenye uwezo sawa, je, wenyeji na wageni wanalipata swali hili sawasawa? Tuseme katika ngazi ya 20–29 wenyeji waliopata ni 60 na waliokosa 40, wageni waliopata 8 na waliokosa 12. Uwiano wa wenyeji ni 1.5, wa wageni 0.67, gawa, unapata 2.25. Ukiunganisha ngazi zote na uwiano ukabaki hapo, chukua logi asilia yake uizidishe kwa −2.35: inakuja kama −1.9. Kwa desturi ya ETS, chini ya 1 (bila kujali alama ya kutoa) swali ni salama, kati ya 1 na 1.5 litazamwe, na likivuka 1.5 na tofauti ikathibitika kitakwimu, litolewe au liandikwe upya. Kwa wageni 38 hesabu hii ni ya kunusia tu, haina nguvu ya kuhukumu. Iongezee macho ya watu: walimu wawili, Mkenya mmoja wa mwaka wa tatu na mmoja aliyesoma kwa Kifaransa, wayasome maswali kwa sauti na kusema walipokwama.

Kazi za kuandika zina ugonjwa wao, msahihishaji kuona jina. Funika majina, tumia namba. Wape wasahihishaji wawili karatasi 30 zilezile, kila mmoja kivyake, kabla ya kusahihisha zote. Wakitofautiana sana, mwongozo wa kusahihisha ndio mbovu, urudieni. Na utazame mwongozo umegawa alama vipi. Nenda kwenye safu ya "uchambuzi wa soko", alama 20, na mara nyingi utakuta 8 zimefichwa kwenye "ufasaha na sarufi". Kama Kiingereza cha biashara ni tokeo, kipe safu yake na kiitwe kwa jina lake. Kikichanganywa, hutajua kamwe kama Mrundi ameshindwa soko au ameshindwa vitenzi.

Alama za kikundi usizitumie kabisa kama ushahidi wa mtu mmoja. Wageni hujikuta kikundi kimoja kwa sababu walichelewa kujiandikisha, au hugawanywa mmojammoja na kupewa kazi ya kuchapa. Kwa vyovyote alama ile si yao. Fildi nayo iache pembeni, maana ofisi inayopokea mgeni na inayopokea mtoto wa mjini kwa kawaida si moja.

Ukishapata vipimo viwili, kuna mtego wa mwisho, nao ni mtamu. Tuseme wenyeji walianza na 18 kati ya 40 wakamaliza na 29. Wageni walianza na 13 wakamaliza na 26. Mwishoni wageni wako nyuma kwa 3. Kwa ongezeko, wageni wamepanda 13 na wenyeji 11, kwa hiyo wageni mbele kwa 2. Sasa tumia njia ya tatu, ya kulinganisha walioanza sawa: kama kila alama moja ya mwanzo hutabiri alama 0.6 za mwisho, pengo la mwanzo la 5 linatabiri pengo la mwisho la 3, ambalo ndilo lililopo, na tofauti iliyobaki ni sifuri. Data moja, majibu matatu: nyuma, mbele, sawa. Frederic Lord alilionyesha fumbo hili mwaka 1967 na bado linawagombanisha watu. Usichague jibu linalompendeza mkuu wala linalokupendeza wewe. Andika yote matatu na useme kila moja linajibu swali gani: la kwanza linajibu mwajiri, la pili linajibu mzazi aliyelipa ada, la tatu ndilo linaloukaribia ufundishaji wenu. Na kumbuka kwamba sehemu ya ongezeko la wageni huenda ni Kiingereza kilichopanda, si biashara. Ndiyo maana siku ya kipimo cha mwanzo uongeze zoezi fupi la kusoma kwa ufahamu, dakika 20, uwe na namba ya lugha ya kuweka kwenye hesabu.

Wahesabu pia walioondoka. Mwenyeji mwenye mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya serikali) akiyumba, mara nyingi anabaki chuoni. Mgeni hana haki ya mkopo ule, na ada yake aghalabu ni ya dola. Anayedisko (anayeondolewa kwa kufeli) na anayeondoka kwa ada hawaonekani kwenye wastani wa wahitimu. Anza na orodha ya waliosajiliwa mwaka wa kwanza, si ya waliovaa majoho, na utoe asilimia ya waliohitimu kwa kila kundi kando ya alama. Wastani wa 3.1 wa waliobaki 38 kati ya 41 ni habari moja. Wa 38 kati ya 70 ni habari nyingine kabisa.

Kuhusu ukubwa wa kundi: kwa 212 na 38 nguvu mliyo nayo ni sawa na makundi mawili ya watu 64 kila moja, kwa hiyo mnaweza kuiona tofauti ya ukubwa wa 0.5 kwa uwezekano wa asilimia 80. Ya 0.2 itahitaji karibu watu 400 kila upande. Ukianza kuwakata wageni kwa nchi, unabaki na, tuseme, Warundi saba, na Warundi saba si takwimu, ni majirani. Unganisha wahitimu wa miaka mitatu, na usichapishe wastani wa kundi lenye watu chini ya kumi. Kila mtu chuoni atajua ni nani. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022 nayo ipo, kwa hiyo kwenye jedwali la uchambuzi bakiza namba tu, bila majina.

Najua utasema hawa 250 hawakufanya kipimo cha mwanzo, na ripoti inadaiwa mwezi ujao. Kwao fanya hivi. Tumia alama za sekondari kama kianzio, lakini usijitungie kanuni ya kugeuza pointi za KCSE kuwa za kidato cha sita; mizani hizo hazikuumbwa kuongea. Badala yake tafuta mtu yuko wapi ndani ya waombaji wa nchi yake mliowadahili: theluthi ya juu, ya kati au ya chini. Ongeza safu ya "alisoma uhasibu, ndiyo au hapana". Kisha acha GPA, chukua mitihani ya mwisho ya kozi nne tu zinazobeba matokeo uliyoyachagua, alama ghafi kabla ya kanuni ya sapu kuzikata. Linganisha ndani ya makundi hayo. Itakuchukua wiki moja ukiwa na mtu wa rekodi anayejibu simu.

Kwenye ripoti, sentensi ya mkuu ibadilishwe iwe hivi: "Wahitimu wa kigeni wana GPA ya chini kwa 0.3. Sehemu ya pengo inaendana na msingi wa uhasibu na sapu za muhula wa kwanza zinazotokana na kuchelewa kuripoti. Kipimo cha mwanzo kitaanza kutumika kwa wanafunzi wanaoingia Oktoba." Usiweke neno "inaendana" kabla ya kuzihesabu zile sapu. Ukikuta wageni hawamo, lifute, na hapo mkuu atakuwa na hoja nzito kuliko nilivyodhani.